UZI: Kwa nini vyombo Ziwa Victoria hupinduka karibu na gati? Wanaojua majini, mizigo na uokoaji tukutane hapa

#1 mkaguzi_majini (Mwanza)

Wakuu, kila chombo kikizama ziwani jibu la mtaani ni moja: "kilijaza". Ni kweli, lakini haitoshi. Kujaza kunaandaa ajali. Kinachopindua ni uzito kuhamia upande mmoja wakati chombo hakina tena nguvu ya kujirudisha.

Tuanze na yale ambayo kila mtu wa Kanda ya Ziwa anayajua. MV Bukoba, 21 Mei 1996, ilitoka Bukoba ikapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ikiwa inakaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliofariki wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na makaburi yako pale Igoma. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, ilitoka Bugolora kwenda Bwisya, Ukara, siku ya mnada. Uwezo abiria 101 na tani 25 za mizigo. Walifariki 228, wakaokolewa 41. Pwani nako, Mombasa, kivuko cha Mtongwe kilipinduka 29 Aprili 1994, wakafa watu 272.

Sasa angalia mahali. Nyerere ilibakiza kama mita 50 ifike gatini. Mtongwe ilikuwa ndiyo kwanza imeachana na ufukwe. Kwa nini karibu na nchi kavu, mahali ambapo mtu anajiona amefika?

Kwa sababu hapo ndipo watu wanaposimama. Kila mmoja anabeba mzigo wake, anasogea upande wa kushukia. Wakati huohuo nahodha anakata kona kuingia gatini, na kona nayo inakilaza chombo kwa nje. Mambo mawili yakielekea upande mmoja kwa dakika moja, hakuna tena nafasi ya kusahihisha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua kivuko cha mfano, tani 100 pamoja na kila kilichomo, chenye uthabiti wa nusu mita (ndiyo ile mabaharia wanaita GM, kipimo cha nguvu ya chombo kujirudisha kikilala). Abiria mmoja hesabia kilo 75. Watu 50 wakihama mita 3 kwenda pembeni, ni tani 3.75 mara 3, sawa na 11.25. Gawanya kwa 50, yaani 100 mara 0.5, unapata 0.225, ambayo ni tanjenti ya pembe: chombo kinalala kama nyuzi 13. Watu 100 wakihama hivyohivyo unapata 0.45, nyuzi 24. Sasa kama upana ni mita 8 na sitaha iko sentimita 60 tu juu ya maji, ukingo wa sitaha unazama kikifika nyuzi 8 na nusu. Yaani wale 50 wa kwanza wametosha. Ukingo ukishazama, nguvu ya kujirudisha inaanza kupungua badala ya kuongezeka.

Kujaza kunaharibu pande zote mbili. Kunashusha sitaha iwe karibu na maji, na watu wakikaa juu kunapandisha kitovu cha uzito, kwa hiyo ile nusu mita inakuwa sentimita 40, 30, hadi hakuna kitu. Na nyuzi 13 kwenye sitaha ya chuma yenye maji si kitu cha kusimamia. Watu wanateleza, magunia yanawafuata.

#2 fundi_wa_mbao_Igombe

Mkuu umeeleza vizuri. Naongeza maji yaliyomo ndani ya chombo, maana hilo ndilo linaloua mitumbwi ya abiria na ya dagaa kuliko watu wanavyodhani.

Maji ndani ya chombo hayatulii. Chombo kikilala kidogo, yanakimbilia upande huohuo na kukilaza zaidi. Kinachotisha si kina cha maji, ni upana wa sehemu yanayoweza kukimbilia. Sentimita 10 za maji kwenye mtumbwi mpana ni hatari kuliko sentimita 30 zilizobanwa kwenye chumba chembamba. Upana ukizidi mara mbili, athari inazidi mara nane. Ndiyo maana matangi ya meli hugawanywa kwa ukuta wa katikati kwenda urefu. Ukuta mmoja tu unaishusha athari hadi robo. Na ndiyo maana tangi liwe limejaa kabisa au tupu kabisa, lisiachwe nusu.

Kwenye mbao chanzo huwa ni mshono. Tunaziba kwa pamba, juu tunapigilia vibati na misumari ya zinki. Wengi wanapiga misumari ya kawaida kwa sababu ni rahisi. Inaota kutu, kibati kinaachia pembeni, pamba inachomoka kidogokidogo. Mtumbwi uliokaa juani wiki nzima mbao zake zimekauka na mishono imefunguka. Ukiushusha na kuupakia palepale, utavuja. Ushushe mtupu, uache unywe maji usiku mzima, ukumbe, ndipo uone unavuja kiasi gani. Ukijaa kifundoni kwa saa moja ukiwa mtupu, huo haupakii mtu.

Na ubao wa mgongoni unaobeba injini, kagua hapo kwanza. Mtikiso wa injini unaupasua kwenye matundu ya bolti. Chomeka ncha ya kisu, ikizama bila nguvu ujue mbao imeoza.

#3 dada_wa_Nansio

Asanteni kaka zangu. Sisi abiria hatuna mizani wala hiyo GM. Nikiwa nimesimama gatini na tiketi mkononi, naangalia nini?

#4 mkaguzi_majini

Dada, angalia mambo haya kabla hujakanyaga daraja la kupandia.

Ubavuni mwa chombo cha chuma kuna alama ya shehena, duara lenye mstari katikati, au mstari wa rangi. Ukiwa haupo, yaani umezama, chombo kimezidi. Hapo hakuna mjadala na karani.

Simama mbele yake au nyuma yake, usisimame ubavuni. Kama kimelala upande mmoja kikiwa bado kimefungwa gatini kwenye maji tulivu, uzito umepangwa vibaya au kuna maji ndani. Halafu kitazame kikirudi. Mtu mzito akiruka ndani, chombo kizima hutikisika na kurudi haraka. Kikilala taratibu, kikakaa hukohuko, kikarudi kwa uvivu, nguvu yake imeisha. Mabaharia wanaliogopa hilo kuliko mtikiso wenyewe.

Mzigo uko wapi? Magunia, saruji na kreti vikae chini, katikati, vimefungwa. Ukiona shehena imerundikwa sitaha ya juu ili chini pabaki pa watu, kinyume kabisa. Piga hesabu ya macho: mfuko wa saruji kilo 50, gunia la mahindi kilo 100, kreti ya soda za chupa karibu kilo 20, pipa la petroli la lita 200 karibu kilo 170, pikipiki zaidi ya kilo 100. Pikipiki sita na mifuko 40 ya saruji ni kama tani 2.7, sawa na abiria 36 ambao hawamo kwenye hesabu ya tiketi.

Ukishapanda, kaa karibu na mlango ulio wazi, usikae chumba cha chini chenye ngazi moja. Chombo kikikaribia gati, kaa chini hadi kifungwe kamba mbili. Ukisimama na wewe, umejiunga na wale 50.

#5 nahodha_Kirumba

Nakubaliana na mkaguzi, ila uzi huu usije ukaonekana wa vivuko tu. Vifo vingi vya ziwa hili ni vya mitumbwi ya watu 5 hadi 30, vinavyotokea bila gazeti kuandika. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka kwa ziwa zima, nchi zote tatu.

Chanzo kikubwa ni ngurumo za usiku. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mvua inanyesha vilimani. Usiku inageuka: nchi inapoa, ziwa linabaki na joto, upepo wa pande zote unaingia ziwani na kukutana katikati. Hapo mawingu yanapanda. Kwa hiyo kati ya saa 8 usiku na saa 3 asubuhi ndio muda mbaya, na ndio huohuo wavuvi wa dagaa wako kwenye taa na mitumbwi ya masoko inaondoka visiwani iwahi mwaloni. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) inatoa utabiri wa ziwa kila siku, una kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Wimbi la mita moja na nusu la ziwa hili si kama la bahari. Ni fupi, limesimama, linafuatana upesi, mtumbwi hauna muda wa kupanda na kushuka. Ukiona upepo umekata ghafla, hewa ikapoa na wingu jeusi lina ukingo mnyoofu chini, una dakika chache. Elekea kisiwa kilicho karibu, hata kama siko unakoenda.

Injini ikizima, mtumbwi unageuka wenyewe na kuweka ubavu kwa mawimbi. Hapo ndipo unapojaa. Kabla ya kushika kamba ya kuwashia, tupa kitu cha kuburuta kutoka mbele: ndoo mbili, au turubai iliyofungwa pembe nne, kwenye kamba ya mita 20 hadi 30. Pua itatazama upepo. Ndipo ushughulikie injini.

Na kinachozima injini katikati ya ziwa ni vitu vidogo: petroli yenye maji, plagi yenye masizi, pini ya panga boi imekatika baada ya kugonga wavu au jiwe. Kwa injini ya stroku mbili inayotumia 50 kwa 1, ni mililita 100 za oili kwa kila lita 5 za petroli. Anayekadiria kwa macho akizidisha anaua plagi, akipunguza anaua pistoni. Beba plagi mbili, pini tatu, kamba ya kuwashia ya akiba, koleo, tochi, na makasia mawili halisi. Kipande cha ubao si kasia. Na makopo ya kukumbia yawe mawili, yafungwe kwa kamba, la sivyo yanakuwa ya kwanza kuelea.

#6 mdau_Kamanga

Maboya wakuu. Mwaloni nayaona yamefungwa kwenye nailoni juu ya dari, mengine yameshonwa mtaani. Je, yanasaidia?

#7 nahodha_Kirumba

Lililofungwa kwenye nailoni halisaidii. Chombo kikishaanza kulala hakuna anayevaa boya, mikono yote inashika kitu. Livaliwe kabla ya kung'oa nanga.

#8 fundi_wa_mbao_Igombe

La kushonwa mtaani inategemea kilichomo. Sponji ya godoro inakunywa maji. Baada ya dakika kumi umevaa mzigo. Linalofaa lina povu gumu la vyumba vilivyofungwa, ukilibonyeza kwa kidole linarudi, ukikata kipande ukakizamisha usiku kucha na jiwe juu, asubuhi kinaelea vilevile. Angalia namba kwenye lebo: 50 ni ya mtu anayejua kuogelea, karibu na ufukwe, 100 ya maji yaliyotulia, 150 inamgeuza mtu mzima aliyezimia akatazama juu. Namba 100 maana yake inabeba kama kilo 10, na hizo zinatosha kwa sababu mwili wenyewe ndani ya maji hauna uzito mkubwa.

Mkanda wa katikati ya miguu ndio watu wanaukata kwa kuona unasumbua. Bila huo boya linapanda hadi masikioni na mtu anachomoka kwa chini. Mtoto asivalishwe la mtu mzima.

#9 mdau_Kamanga

Ila si kila mtu anakubali livaliwe muda wote. Kwenye kivuko kikubwa ukiwa ndani kikapinduka, boya linakubana darini, huwezi kupiga mbizi kutoka mlangoni.

#10 mkaguzi_majini

Hoja ya msingi hiyo. Ndiyo maana natofautisha. Mtumbwi na boti ya wazi: livaliwe tangu mwaloni, bila mjadala. Chombo kilichofungwa chenye vyumba: liwe mkononi au chini ya kiti chako, ulivae ukishafika sitaha ya wazi. Kwenye ndege ni vivyo hivyo, unalivaa lakini hulijazi hewa hadi uwe nje ya mlango. Ajali ya Bukoba ya 6 Novemba 2022, ile ATR ya Precision Air iliyoangukia ziwani ikiwa na watu 43 wakafariki 19, ilikuwa karibu kabisa na uwanja, na waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao.

Na hapo nina jambo zito la kusema kuhusu uokoaji, maana tumelilipia gharama kubwa. MV Bukoba ilipinduka ikabaki inaelea tumbo juu, na watu walikuwa wanasikika wakigonga kwa ndani. Likakatwa tundu ili watolewe. Hewa ikatoka, meli ikazama. Kilichokuwa kinaibeba ni hewa ileile waliyokuwa wanaivuta. Funika kikombe kwenye ndoo ya maji kisha utoboe kitako, utaona maji yanavyopanda. Nyerere ilipopinduka, fundi wa kivuko alitolewa hai siku ya pili, 22 Septemba, alikuwa kwenye hewa iliyonaswa karibu na injini. Hewa iliyonaswa inaweza kumweka mtu hai siku mbili.

Kwa hiyo ukifika na mtumbwi wako kwenye chombo kilichopinduka: usipande juu yake kwa wingi, usikate, usitoboe, usizibue kifuniko chochote kilicho juu ya maji. Gonga mara tatu kwa kitu cha chuma, sikiliza, weka alama ya chaki au rangi pale panapojibu, na endelea kugonga kila baada ya dakika chache ili aliye ndani ajue yupo anayesikia. Kinachofuata ni kazi ya wazamiaji na vifaa: kwanza kukifunga chombo kwa maboya makubwa au mifuko ya hewa ubavuni kisizame, ikiwezekana kukivuta hadi kina kifupi kikalie mchanga, halafu mzamiaji anaingia kwa chini kupitia mlango uleule walioingilia. Kukata kunaruhusiwa pale tu chombo kimeshakalia chini na hakitegemei hewa tena, au tundu limezungushiwa chumba kisichovuja.

Waliopo majini ndio wa kwanza. Waende kwa kamba na boya la kutupa, mtumbwi ukae upande ambao upepo hausukumi juu yao, injini izimwe kabla mtu hajafika nyuma. Mpandishe kwa nyuma au mbele. Ukimvuta ubavuni, wote mnaingia majini.

#11 muuguzi_Nyakato

Naomba niongezee yanayofanyika mwaloni, kwa sababu dakika tano za kwanza hospitali haipo.

Msimning'inize mtu kichwa chini, msimkanyage tumbo "atoe maji". Maji yanayotoka ni ya tumboni, na yakipanda yanaingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, angalia kama anapumua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui, mpe pumzi 5 kwanza, mdomo kwa mdomo, huku umembana pua, uone kifua kinapanda. Aliyezama ameishiwa hewa, ndiyo maana pumzi inatangulia. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, urudie. Badilishaneni kila dakika mbili, mikono huchoka mapema kuliko mnavyodhani. Mtoto mdogo tumia mkono mmoja, kina theluthi ya kifua.

Aliyezinduka asiachwe aende nyumbani. Akikohoa, akihema haraka au akisinzia ndani ya saa chache zinazofuata, mapafu yameumia. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na akiwa mjini Mwanza, hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Mvue nguo zilizolowa, mfunike. Maji ya ziwa letu si baridi sana, lakini aliyekaa humo usiku mzima na upepo, joto la mwili linashuka.

#12 dereva_Sengerema

Swali la barabara. Sasa tuna daraja la Kigongo–Busisi tangu Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha, ila bado kuna vivuko vya Rugezi–Kisorya na kwingineko. Gari likiingia majini?

#13 mkaguzi_majini

Kwanza lisiingie. Abiria wote washuke kabla gari halijapanda kivuko, abaki dereva peke yake, kioo chake kikiwa wazi na mkanda umefunguliwa. Ndani ya kivuko: breki ya mkono, gia ya kwanza, vigingi magurudumu yote mawili ya nyuma, mbele na nyuma yake. Injini izimwe. Mlango wa kupakilia uinuliwe na kufungwa kwa mnyororo kabla ya kuondoka. Wengi wanauacha nusu ili kuokoa dakika mbili gatini.

Likizama, lina kama dakika moja hivi linaelea pua chini kwa sababu ya injini. Usijaribu mlango, maji yanausukuma kwa nje na hautafunguka. Usipige simu. Mkanda, kioo, watoto, nje, kwa mpangilio huo. Kioo cha umeme kifungue mara moja kabla umeme haujakatika. Kikikataa, vunja cha pembeni, pigia kona yake karibu na fremu kwa nyundo ndogo yenye ncha. Cha mbele kina utando katikati, hakivunjiki kwa mkono. Kwenye basi nyundo ziwe nne, zikae kwenye fremu za madirisha. Zikiwa kwa dereva haziwafikii watu wa nyuma.

Namba za dharura ni 112 polisi na 114 Zimamoto na Uokoaji. Taja jina la mwalo au kisiwa, idadi ya watu, chombo kinaelea au kimezama, upepo unatoka wapi.

#14 dada_wa_Nansio

Kaka, na idadi ya watu nitaijuaje kama hakuna orodha?

#15 nahodha_Kirumba

Hapo BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ya kila mwalo ndiyo inabeba. Daftari la nakala mbili kwa karatasi ya kaboni: jina, umri, anakokwenda, namba ya simu ya ndugu aliyebaki nchi kavu. Mtoto wa mgongoni anaandikwa, na wafanyakazi wa chombo wanaandikwa. Nakala moja inabaki mwaloni kwenye mfuko wa plastiki, nyingine anaenda nayo nahodha, na saa ya kuondoka inaandikwa pembeni pamoja na saa anayotarajiwa kufika. Akipitiliza saa moja bila kufika, aliyeshika daftari anapiga simu mwalo wa pili. Wakijibu hajafika, anapiga 114 palepale.

#16 fundi_wa_mbao_Igombe

Iandikwe kwa kalamu ya risasi, mkuu. Ya wino inaweza kuchuruzika na kufutika karatasi ikilowa.